Unga Uliozidi Maji

“Mimi nikinywa nikabaki nimesimama, nyinyi kunyweni mpaka mlale chini!” Ulimi aliwaambia wateja wake, akajipiga kifuani mara mbili kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. “Macho ya mtu yanaweza kudanganya. Tumbo ndiyo usiseme kabisa. Lakini ulimi huu? Haujawahi.”

Ndiyo maana wakamwita Ulimi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, likisubiri siku atakayokamatwa.

Kazi yake ilikuwa kusindika muhogo mchungu, ile aina ambayo hata panya huunusa na kuuacha kwa adabu. Wakulima waliuleta kwa mikokoteni. Pale uani ulimenywa, ukalowekwa kwenye mapipa sita ya bluu mpaka ukalainika na kuanza kunuka, ukaanikwa juu ya chanja za miti, kisha ukaingia kwenye mashine iliyokaa ndani ya kibanda cha mabati na kutoka unga. Sumu yake ilitoka na maji na upepo. Siku nne ndani ya pipa, siku tatu juu ya chanja, na ukiharakisha unamharakisha mtu mwingine kwenda kaburini. Hesabu hiyo ilikuwa ya mama yake Ulimi, aliyeianza kazi na kinu kimoja na sufuria ya kuazima. Sasa alikaa chumba cha nyuma, akisumbuliwa na magoti yake na kumsumbua kila mwenye magoti mazima.

Mama ndiye pia aliyeweka sharti. Hakuna gunia linalotoka getini kabla mwenye mashine hajapika uji wa unga uleule na kunywa bakuli zima mbele ya mnunuzi. Enzi zile watu waliuogopa muhogo mchungu kama wanavyomwogopa nyoka aliyelala. Hofu iliisha, sharti likabaki, na Ulimi akaligeuza mchezo wa kuigiza. Alikunywa macho ameyafumba, akasukutua, akatafakari, akainua kidole juu kama refa, ndipo akatoa hukumu: “Mtamu! Fungeni mzigo.” Wapo waliokuja kwa ajili ya hukumu tu, wakanunua unga kwa sababu ya aibu.

Kisha mvua zikakosa mwaka wa kwanza, zikakosa na wa pili. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, maharage hayakufika hata hapo. Mashambani ulibaki muhogo peke yake, mbishi kama mpangaji aliyekataa kuhama. Kila mwenye shamba akang’oa alichonacho, akakipeleka kwa Ulimi. Muhogo ukarundikwa ukutani mpaka ukachungulia dirishani.

“Wenzangu wanalia ukame,” Ulimi alisema akiukagua mrundo ule, mikono kiunoni. “Mimi ukame umenitafutia kazi bila hata kuuomba.”

Dada yake, aliyesimamia mapipa na ambaye watu walimwita Mama Mapipa, hakuwa akiutazama mrundo. Alikuwa ameshika muhogo mmoja, mwembamba, wenye nyuzi ngumu kama kamba ya kufungia ng’ombe. Alivunja kipande, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema. Akatema tena. Akaenda kusukutua.

“Kaka, huu si muhogo tunaoujua.”

“Ni uleule, umekonda tu. Hata wewe ukikosa maji miezi minane utakonda. Ingawa kwako naona tungeongeza na wa tisa.”

“Cheka. Mmea ukinyimwa maji unakasirika, na hasira yake inakaa kwenye mzizi. Uchungu huu ni mara mbili ya ule wa zamani. Siku nne hazitoshi. Tuweke sita.”

“Sita? Kwa maji yapi, dada? Ya machozi?”

Kweli maji hayakuwepo. Kamba ya kisima chao ilikuwa imeungwa vipande vitatu. Ndoo ilishuka, ikashuka, mpaka mtu akasahau alikuwa anafanya nini, kisha ikagonga jiwe na kurudi na tope la kujaza kikombe. Waliosema maji yamezidi unga hawakuwahi kuingia kwenye ua ule. Pale unga ndio uliozidi maji.

Basi badala ya siku sita, zikawa tatu. Muhogo uliozidi kuletwa ukasukuma zile tatu zikawa mbili. Na maji yaliyokwisha kuloweka mzigo mmoja, yaliyokuwa mazito, yenye povu na harufu ya kuchoma pua, yakaanza kupokea mzigo wa pili.

“Maji hayana kumbukumbu,” Ulimi alisema.

“Haya yanayo. Sogeza pua uyaulize.”

Jua nalo lilikuwa kama limeajiriwa. Kilichokuwa kikikauka kwa siku tatu kilikauka kwa moja. Vipande vya muhogo vilipasuka juu ya chanja kwa mlio mdogo wa kukatika, kak, kak, mchana kutwa, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anakata kucha.

“Unaona? Mungu kanyima maji, kafidia kwa jua,” Ulimi akafurahi.

“Ukikauka haraka hivi, uchungu unafungiwa ndani kabla haujapata njia. Mama alisema muhogo uanikwe polepole.”

“Mama alisema pia mimi nitakuwa daktari.”

Aliendelea kuonja kila siku. Hapo ndipo ulipomsaliti ule ulimi, na haukumsaliti kwa kishindo. Uchungu wa leo ulizidi wa jana kidogo tu, na kidogo ni kitu ambacho ulimi husamehe. Mtu anayelala karibu na mashine husahau kwamba inanguruma. Wateja wapya walikunja nyuso walipoonja, yeye akawacheka na kuwaambia wana midomo ya watoto wa mjini. Mama mmoja aliyeajiriwa pale kuchekecha unga alianza kulalamika kichwa kila ikifika saa sita. Ulimi akamwambia avue kilemba, kinambana akili.

Jumanne asubuhi fundi cherehani, jirani wa upande wa chini, aliingia uani bila hodi. Ameshika bata wawili kwa miguu, vichwa vinaning’inia.

“Saba,” alisema. “Nina saba, wote wako hivi. Wamelala mstari mmoja kando ya mfereji wako, midomo imeelekea kwenye maji.”

Mfereji ulikuwa mtaro mdogo uliopitisha maji machafu ya mapipa kutoka uani hadi nyuma ya nyumba ya fundi. Kwa miaka mingi hakuna mnyama aliyeujali. Mwaka ule, ndio uliokuwa na maji pekee yaliyoonekana juu ya ardhi.

“Pole sana, jirani. Joto hili linaua,” Ulimi alisema.

“Joto linachagua wanaokunywa kwako?”

“Labda walikuwa wazee. Nyumba yako kila kitu kizee, hata mkasi.”

Fundi hakucheka. Aliwaweka bata chini taratibu, mmoja mmoja, kama anayelaza watoto.

“Na mke wangu je? Tangu juzi anasema magoti yamekuwa mbao. Jana alishuka kitandani akabaki ameshika ukuta. Tunakula unga wako asubuhi na jioni, Ulimi, maana kingine hakuna. Naye nimwambie ni uzee? Ana miaka ishirini na minane.”

Ulimi alicheka, kwa mazoea. Lakini hakuna aliyemfuata. Kicheko kikabaki peke yake katikati ya ua, kikatazama huku na huku, kikaona aibu, kikanyamaza.

Fundi alipoondoka, Mama Mapipa alianza kufunga madumu kwenye mkokoteni.

“Nakwenda kule kwenye bomba la mbali. Nitalala foleni ikibidi. Mzigo wa shule usiuguse mpaka nirudi.”

“Ushasagwa, uko kwenye magunia. Mama Mwiko anakuja kuuchukua kesho.”

“Mwambie asubiri siku moja. Nikija na maji tutaulowanisha unga wenyewe, tuutandaze mwembamba kivulini nusu siku, uchungu utapaa. Mama alifanya hivyo mwaka wa nzige. Siku moja tu, kaka. Nakuomba kama mdogo wako.”

“Nenda, utachelewa foleni.”

“Sijasikia ukisema ndiyo.”

“Nenda, dada.”

Magunia manne yalikuwa yamesimama kando ya mashine. Mama Mwiko alikuwa mpishi wa shule ya msingi iliyo juu ya barabara, na unga ule ulikuwa wa uji wa watoto. Tangu mashamba yakauke, wengi wao hawakuwa na mlo mwingine. Walimu wenyewe walisema siku hizi hakuna utoro. Mtoto anakuja shule hata akiwa na homa, akibeba kikombe chake.

Dada alipopotea barabarani, Ulimi aliingia kibandani. Alichota unga kutoka gunia la kwanza, akapika uji, akanywa bakuli zima akiwa peke yake, bila kufumba macho na bila kidole cha refa.

“Mtamu,” ulimi ukasema.

Alisimama kubadilisha mkanda wa mashine. Kabla hajaupitisha kwenye gurudumu la pili, jasho baridi lilimtoka shingoni. Mabati ya paa yakaanza kuzunguka polepole. Alishika ukuta. Alitapika nyuma ya mashine mpaka kikatoka kisichokuwa na rangi, kisha akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele yake ikitetemeka yenyewe, kama miguu ya mtu mwingine aliyekaa mahali pake. Alibaki hapo mpaka mwanga wa jua ulipohama mlangoni na kupanda ukutani.

Mtu mwingine angesema: kesho namwambia Mama Mwiko asubiri. Maneno matano tu. Ulimi aliyajaribu mdomoni, hayakukaa. Maana ukisema mzigo huu mbaya, utaulizwa na ule uliotangulia, na uliotangulia ule. Na yote ilitoka getini kwa hukumu ya kidole chake. Kumbe sikio la kufa halisikii dawa, lakini huwa linasikia vizuri sana sifa.

“Ni joto,” akajiambia. “Sijala tangu asubuhi, na joto.”

Hata hivyo, joto au si joto, kuunywa tena ule uji aliapa hataweza.

Jumatano asubuhi dada alikuwa hajarudi. Ulimi alinyata hadi chumba cha nyuma. Mama alikuwa amelala ameupa ukuta uso, anakoroma kwa vituo kama anayepumzika kati ya sentensi. Chini ya kitanda kulikuwa na debe lenye unga wake mwenyewe, wa mwaka wa mwisho wa mvua, maana bibi huyo alikataa katakata kula unga wa ukame. Alisema unanuka hasira. Ulimi alichota viganja viwili, akavifunga kwenye leso, akatoka kwa vidole vya miguu. Mzee mzima wa miaka arobaini na sita, anamwibia mama yake unga.

Mama Mwiko alipofika na mkokoteni, sufuria ilikuwa tayari inachemka.

Kwa kawaida mwanamke huyo alianza kucheka tangu barabarani. Sauti yake ilifika getini, yeye akafuata. Leo aliingia kimya. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

“Umeshapika?” aliuliza.

“Nilijua una haraka, shemeji. Watoto hawasubiri.”

“Watoto.” Alilirudia neno hilo kama linamkwama. “Wiki iliyopita wawili walishindwa kusimama mstarini. Walimu wakasema ni jua, tukawapeleka kivulini. Jana wakawa watano. Wanataka kutembea, miguu imekakamaa. Kuna mmoja anatembea kwa ncha za vidole, hivi...” Mama Mwiko, mwili wote ule, akainuka juu ya vidole vyake, akapiga hatua tatu ndogo uani. “Kama anaogopa kumwamsha mtu. Nikamwambia acha mchezo. Akaniambia, mama, si mchezo, kisigino kimekataa kushuka.”

Mkanda wa mashine ulining’inia. Juu ya chanja, kak, kak.

“Wewe unafikiri ni nini?” Ulimi aliuliza, akikoroga sufuria.

“Sijui. Mimi ni mpishi. Najua chumvi na najua moto. Sikulaumu, Ulimi, wewe tunakufahamu tangu mama yako akiwa ndiye anayekunywa. Ila nimepakua uji ule kwa mkono huu. Leo sitaki kusikia hukumu. Nataka nikuone unakunywa mpaka bakuli likauke, halafu nikuangalie usoni kwa muda. Ukiwa mzima nitajua ni jua. Nitabeba magunia yangu, nitaomba radhi, na nitapakua tena saa nne.”

Hapo palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na mtu wa kawaida angepita. Subiri siku moja, Mama Mwiko. Lakini fundi cherehani alikuwa ameegemea ukuta upande wa pili, kidevu juu ya matofali, na yule mama wa kuchekecha naye amesimama na chekeche lake. Watu wanatazama. Ulimi na watazamaji ni kama moto na majani makavu.

Akamimina uji kwenye bakuli. Ulimiminika mweupe, laini. Akafumba macho, akanywa. Ulikuwa uji wa mwaka wa mvua, mtamu kwelikweli, na alipousikia mdomoni alikaribia kulia, maana ulimi wake ulizinduka na kumwonyesha ni umbali gani alikuwa ameufikisha. Akanywa nusu. Akanywa robo iliyofuata. Akainua kidole.

“Nani,” sauti ikasema kutoka mlango wa nyuma, “nani ameingiza mkono kwenye debe langu?”

Mama alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine umekumbatia debe lake. Khanga imefungwa upande, macho madogo, pua imetangulia.

“Mama, rudi ukalale, tuna mgeni,” Ulimi alisema.

“Nilale nini na nyumba ina mwizi! Jana nilisawazisha unga wangu kwa kijiko. Leo una shimo kama amepita fuko.” Akanusa. Akasogea hatua moja, magoti yakilalamika, akanusa tena. Kisha akalitazama bakuli. “Aa. Huo hapo. Unanyonya uji wa mama yako, wewe mwenye meno yote?”

“Mama, uji ni wa gunia...”

“Mimi nimeshika muhogo miaka hamsini, unifundishe harufu? Huo wangu. Wenu hauwezi kuwa mweupe hivyo hata ukisingiziwa.”

Mama Mwiko aliinama kwenye gunia la kwanza, akafungua kamba, akachota kiganja cha unga, akakileta karibu na bakuli. Kiganjani unga ulikuwa wa kijivu.

Ulimi alitafuta mzaha. Kwa mara ya kwanza maishani alifungua ghala lake la mizaha akakuta sakafu.

“Haya basi,” mama akaendelea, maana yeye hakuwa amekuja kumfichua mtu, alikuwa na njaa tu. “Kama wangu wa leo umeunywa, uliobaki nimeupimia siku zake, na sitashinda na njaa kwa ajili yako. Mwanangu mpishi, chota hapo kwenye gunia, nitilie kwenye hiyo sufuria ingali moto. Nitavumilia na uchungu wake.”

Mama Mwiko, akimtazama Ulimi, si mama, alizamisha kikombe kwenye gunia. Akakiinua kimejaa. Akakipeleka juu ya sufuria.

“Usimpe huo!” Ulimi alipiga kelele. Bakuli lilimponyoka, likavunjika. “Mama, usinywe huo!”

Chekeche likaanguka. Fundi cherehani, juu ya ukuta, akatoa sauti ndogo kama ya mtu aliyechomwa sindano. Mama akamtazama mwanawe, akalitazama gunia, na polepole akaliweka debe chini.

“Usimpe huo,” Mama Mwiko alirudia, kwa utaratibu, kama anayeonja chumvi. Alirudisha unga kwenye gunia, akakung’uta kikombe, akajifuta viganja kwenye sketi, upande wa mbele, upande wa nyuma, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. “Na wa mwezi uliopita, Ulimi? Ule niliowapakulia watoto. Siku ile nayo ulikuwa unakunywa uji wa nani?”

Ule wa mwezi uliopita alikuwa ameunywa kweli, bakuli zima, kutoka gunia lenyewe, na aliusifu kwa moyo safi. Alifungua mdomo aseme hivyo. Akaona macho ya fundi, ya mama wa chekeche, ya Mama Mwiko, na ya mama yake mzazi, yote yakisubiri kitakachotoka kwenye ulimi ule, akajua ukweli huo sasa hauna wa kuuamini, akaufunga mdomo.